Je, Wajua? Kivumishi cha Warumi Kinachonaswa Kwenye Nyavu za Maparoni

Maparoni iko ndani ya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Ni kata ya mikoko, vijito na mashamba ya mpunga, ambako mtu hafungi safari kabla ya kuuliza kama maji yanajaa au yanakupwa. Huko utasikia Kindengereko na utasikia Kiswahili. Kilatini hutakisikia hata kwa dawa. Lakini kuna kivumishi kimoja cha Kilatini, indicus, maana yake "-a Hindi", ambacho kimeingia kila mahali kama chumvi kwenye mboga. Kimo kwenye ndoo ya kamba, chini ya mwembe, ndani ya gunia la ufuta na hata mfukoni, kwenye simu. Kaa mkao wa kula.

Kamba mweupe ni "wa Hindi" tangu 1837

Kamba mweupe wa vijito vya delta anajulikana kwa wanasayansi wa dunia nzima kama Penaeus indicus, jina alilopewa na Mfaransa Henri Milne Edwards mwaka 1837. Mshike mmoja umtazame kichwani: ule upanga mwembamba unaochomoza katikati ya macho una meno juu na chini, na meno hayo ni moja ya alama za kumtambulia. "Mhindi" huyu hukulia hapa hapa. Mama hutaga baharini mayai makumi ya maelfu, vitoto hupandishwa na maji hadi kwenye mizizi ya mikoko, hula na kunenepa huko, kisha hurudi baharini kupevukia huko. Mikoko ikifyekwa Maparoni, anayevua mbali nje ya delta naye ataliona pengo kwenye nyavu zake.

Kilatini nacho kina ngeli

Ukidhani ngeli ni mzigo wa mwanafunzi wa Kiswahili peke yake, jipoze moyo kwa wenzako wa Roma. Kivumishi chao nacho hufuata nomino, ila chetu hubadilika kichwani na chao hubadilika mkiani. Sisi tunasema mti mzuri, kiti kizuri, majembe mazuri. Wao kamba wao ni indicus, mwembe ni indica (Mangifera indica) na ufuta ni indicum (Sesamum indicum). Jinsia zao ni tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Zidisha kwa umoja na wingi, zidisha tena kwa nafasi sita ambazo nomino huchukua katika sentensi, upate vyumba 36 vya kivumishi kimoja. Vingi kati ya hivyo vinafanana sura, na hapo ndipo wanafunzi walipokuwa wakichapwa.

Mswahili huanza kusoma Kilatini akiwa mbele ya Mwingereza

Irabu za msingi za Kilatini ni zile zile tano, a, e, i, o, u, na herufi husomwa kama ilivyoandikwa. C ya Warumi wa kale ilikuwa k siku zote, kwa hiyo indicus ni "indikus", basi. Kuna mtego mmoja: sisi tungetia mkazo katikati, inDIkus, na Mrumi aliutia mwanzoni, INdikus, kwa sababu i ya katikati ni fupi. Tena katika majina ya sayansi nomino hutangulia na sifa hufuata, Oceanus Indicus, sawasawa na Bahari ya Hindi. Mswahili hahitaji kugeuza kichwa.

Mkwaju umeitwa wa Hindi mara mbili, nao ni wa Afrika

Jina la kisayansi la mkwaju ni Tamarindus indica. Neno la kwanza ni Kiarabu kilichoandikwa Kilatini: tamr hindi, yaani tende ya Hindi. Mwaka 1753 Msweden Carl Linnaeus, baba wa majina haya ya maneno mawili, akaliongezea indica, na jina zima likawa "tende ya Hindi ya Hindi". Kichekesho ni kwamba wataalamu wengi wa mimea huuhesabu mkwaju kuwa mti wa asili ya Afrika uliovuka bahari kwenda India zamani za kale. Ukinywa juisi ya ukwaju, unakunywa cha nyumbani chenye jina la ugenini.

Mti ni wa kike hata ukiwa na jina la kiume

Mwenye jicho kali ameshauliza: Tamarindus inaishia na -us, mwisho wa kiume, sasa mbona sifa yake ni indica? Jibu ni kwamba kwa Warumi miti ilihesabiwa kuwa ya kike bila kujali jina limeishiaje. Mtini wao, ficus, nao ni hivyo hivyo. Mtu wa Rufiji anaielewa kanuni hii bila kufundishwa. Kiboko ana ki- kama kiti, lakini tunasema "kiboko mkubwa amezama". Ukisema "kiboko kikubwa kimezama", watu watauliza nani ametupa mjeledi majini. Lugha zote mbili zinakubali kwamba mara nyingine maana huishinda sura.

Sato amebadilishiwa sifa kwa sababu ya sarufi

Mwaka 1758 Linnaeus alimwandika sato kwa jina Perca nilotica, samaki "wa Naili". Baadaye akahamishiwa kundi la Tilapia, na kwa kuwa majina yote mawili ni ya kike, akabaki nilotica. Alipohamishiwa Sarotherodon, kisha Oreochromis, ambayo ni majina ya kiume, ikabidi mkia wake ukatwe: niloticus. Samaki ni yule yule na mapezi yake ni yale yale. Kilichobadilika ni upatanisho. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai hivyo hadi leo, na mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha "samaki kikubwa" kwa kalamu nyekundu anafanya kazi ile ile.

Mamba wa Rufiji anaitwa wa Naili

Sifa hiyo ya niloticus ndiyo aliyobandikwa mamba, Crocodylus niloticus, mwaka 1768. Mamba aliyezaliwa Rufiji, akaishi Rufiji na atakayefia Rufiji, kwenye vitabu ni mwenyeji wa mto ambao maji yake hayakutani popote na ya kwake. Kivumishi cha mahali hukuonyesha mtoa jina alikuwa anatazama wapi. Mnyama mwenyewe anaweza kuwa anaishi kwingine kabisa.

Ukikichimba kivumishi chenyewe, unakuta mto

Kabla ya kuwa jina la nchi, neno hili lilikuwa jina la maji. Katika Kisanskriti sindhu ni mto. Waajemi waliitamka s hiyo kama h, ikawa Hindu. Wagiriki wakaiangusha h, ikawa Indos. Warumi wakapata Indus na kivumishi chake Indicus. Waarabu waliihifadhi h wakasema al-Hind, na kwa njia hiyo sisi tukapata Hindi. Kwa hiyo "Hindi" ya Kiswahili na indicus ya Kilatini ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Mto wenyewe, Indus, leo sehemu yake kubwa inapita Pakistani.

Bahari iliyo mbele ya delta ina jina la Kilatini la 1515

Mwaka 1515 tayari tunakuta maandishi ya Kilatini yakiiita bahari hii Oceanus Orientalis Indicus, Bahari ya Mashariki ya Hindi. Baadaye neno la katikati likadondoka, likabaki hili tunalolijua. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba milioni 70. Ungeweza kutandaza ndani yake Tanzania zaidi ya 70 na bado ukabaki na maji ya kuvulia. Hiyo yote imeitwa kwa jina la mto mmoja ulio pembeni yake kaskazini.

Shanga za Kirumi zilifika Rufiji kabla ya sayansi ya Kilatini

Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za Kirumi zilizopatikana katika delta ya Rufiji. Taarifa hiyo iliwasisimua wasomi kwa sababu kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kilichoandikwa Kigiriki, kinataja soko la mwisho la pwani hii, Rhapta, mji uliopewa jina kwa vyombo vyake vya kushonwa. Wapo wanaoiweka Rhapta karibu na delta hii. Kitabu kinasema huko kulitoka pembe za ndovu kwa wingi, na magamba ya kasa yaliyokuwa bora kuliko yote isipokuwa ya India. Hata zama hizo tulishindanishwa na Hindi, na tukashika nafasi ya pili.

Afrika Mashariki yenyewe iliwahi kuitwa India

Kwa watu wa Roma, India haikuwa na mipaka ya kueleweka. Mshairi Virgil, katika shairi lake la kilimo, Georgics, aliusimulia mto Naili kana kwamba unashuka kutoka kwa Wahindi. Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, kitabu cha Marco Polo kikaiita Uhabeshi India ya Kati. Ukisoma maandishi ya zamani ya Ulaya ukakuta kitu ni "cha Hindi", usikimbilie Mumbai. Huenda mwandishi alimaanisha tu "huko mbali, mashariki au kusini, kunakotoka vitu vizuri". Hiyo ndiyo maana ya pili ya indicus, ambayo wachoraji ramani waliitumia bila kuitangaza.

Hakuna kaisari anayekumbukwa kwa jina la Indicus

Warumi walitunuku vivumishi kwa majemadari wao. Scipio aliyemshinda Hannibal kule Zama mwaka 202 kabla ya Kristo akaitwa Africanus. Wengine wakawa Germanicus na Britannicus. Indicus hakuivaa hata kaisari mmoja, kwa kuwa majeshi ya Roma hayakufika India. Waliofika ni wafanyabiashara, waliojifunza kusafiri kwa pepo za msimu, zile ambazo sisi tunaziita kaskazi na kusi. Upepo ulifungua mlango ambao upanga haukuufikia.

Nazi iliitwa "njugu ya Hindi"

Ulaya ya karne za kati iliita nazi nux indica, na Waarabu hadi leo wanasema jawz al-hind, maana ile ile. Wareno ndio waliovuruga mambo. Walikigeuza kifuu wakaona vile vitundu vitatu, macho mawili na mdomo, wakaona sura ya zimwi la kutishia watoto, coco. Kutoka hapo likaja jina la kisayansi, Cocos nucifera, na nucifera ni kivumishi pia: "yenye kuzaa njugu". Mwenye shamba la minazi Kibiti anaweza kuishangaa lugha iliyotosheka na neno moja kwa tunda ambalo yeye analiita kidaka, dafu, koroma au nazi kulingana na umri wake.

Waswahili nao tulikosea kwa njia ile ile

Tusiwacheke wazungu peke yao. Mahindi yalilimwa kwanza Meksiko, maelfu ya miaka iliyopita, yakaletwa pwani hii na Wareno, lakini jina lake kwetu limebeba Hindi ndani. Si sisi tu: Mturuki akisema hindi anamaanisha bata mzinga, na Mfaransa humwita ndege huyo dinde, yaani "wa India", ilhali bata mzinga naye ni wa Amerika. Kosa la Columbus la mwaka 1492, la kudhani amefika India, bado linakula kwenye sahani zetu. Kwenye orodha hiyo weka pia mpungate, Opuntia ficus-indica, "mtini wa Hindi" ambao nao asili yake ni Meksiko.

Mkorosho ni wa magharibi, ufuta ni wa mashariki

Katika mashamba ya Kibiti dunia hukutana bila pasi ya kusafiria. Ufuta ni Sesamum indicum, na safari hii kivumishi kimesema kweli, kwani ushahidi wa kale wa kuulima unatoka bonde la Indus. Hatua chache pembeni kuna mkorosho, Anacardium occidentale, yaani "wa magharibi", na hilo nalo ni kweli: asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili. Tazama mikia yao, -um na -e. Majina yote mawili si ya kiume wala ya kike, ila occidentale ni cha familia nyingine ya vivumishi, isiyojua -us, -a, -um. Anayekula bibo shambani hana habari kwamba ana somo la pili la Kilatini mkononi.

Nundu ya ng'ombe nayo imeandikwa indicus

Ng'ombe mwenye nundu, ambaye wafugaji waliohamia Rufiji na Kibiti wamekuja naye, ni Bos indicus wa Linnaeus, mwaka 1758. Hapa pia kivumishi hakidanganyi. Ukoo huu wa ng'ombe ulianza kufugwa kwenye bonde la Indus yapata miaka 8,000 iliyopita, na mifupa ya kale ya Mehrgarh, Pakistani ya leo, inashuhudia. Ng'ombe wa Ulaya asiye na nundu, Bos taurus, joto humtesa. Huyu wa nundu hulivumilia, ndiyo maana akaenea Afrika.

Kivumishi hiki kimo kwenye kioo cha simu yako

Warumi waliita rangi ya nili indicum, "kitu cha Hindi", na kutoka hapo Ulaya ikapata neno indigo. Mwaka 1863 kule Freiberg, Ujerumani, Ferdinand Reich alikuwa akichunguza madini kwa kutazama mistari ya rangi katika mwanga wake. Tatizo ni kwamba Reich hakuweza kutofautisha rangi, hivyo alimtegemea msaidizi wake Theodor Richter amtazamie. Richter akaona mstari wa nili ambao haujawahi kuonwa, na elementi hiyo mpya wakaiita indiamu. Leo indiamu, ikichanganywa na bati na oksijeni, hufanya utando mwembamba unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, na utando huo ndio unaokiwezesha kioo cha simu kuhisi kidole. Mvuvi anayeuliza bei ya kamba kwa simu anagusa indicus kwa mkono wa pili, baada ya kumgusa wa kwanza kwenye ndoo.

Kunguru wa Hindi hana indicus, na kunguru mweusi anaitwa mweupe

Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa vifaranga, alitoka India kweli na kuletwa Zanzibar miaka ya 1890. Ungetegemea awe indicus. Wapi! Ameitwa Corvus splendens, kunguru "mng'avu". Mwenzake mwenyeji, mweusi mwenye fulana nyeupe, ni Corvus albus, yaani kunguru "mweupe", ingawa weusi wake unazidi. Mtoa jina huchagua alama inayomtenga mmoja na wengine, na kunguru wengi wakiwa weusi tii, kiraka cheupe ndicho kinachoonekana.

Mchu una jina la Ibn Sina

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, na mmoja wa miti hiyo, mchu, unaitwa Avicennia marina. Avicennia ni Kilatini cha Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037. Marina ni "-a bahari". Ukiligusa jani la mchu kwa ulimi utaonja chumvi, kwa sababu mti huo huinyonya pamoja na maji ya bahari na kuitolea juu ya majani. Jirani yake mlilana, ambao mafundi huuchonga mataruma ya vyombo, ni Sonneratia alba, "nyeupe", kwa ajili ya maua yake yanayofunguka usiku.

Kaa koko ana msumeno, hesabu meno

Kaa koko ni Scylla serrata. Scylla ni jitu la bahari katika hadithi za Wagiriki. Serrata ni "yenye meno ya msumeno". Tazama ukingo wa gamba lake, mbele, kutoka jichoni kwenda ubavuni: utahesabu meno tisa kila upande. Sifa hiyo, pamoja na marina ya mchu, ilitolewa na Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyefariki Yemeni mwaka 1763. Kitabu chake kilitoka mwaka 1775, miaka 12 baada ya kifo chake. Kaa na mti vinaishi tope moja hapa Maparoni, na vyote viliandikwa na kalamu moja iliyokuwa Bahari ya Shamu.

Sinia ya pilau ina kivumishi kimoja kwa sura tatu

Sativus maana yake "-liopandwa", kinyume cha kilichojiotea porini. Mchele ni Oryza sativa. Kitunguu saumu ni Allium sativum, na giligilani ni Coriandrum sativum. Kama kachumbari ya pembeni ina tango, hilo ni Cucumis sativus, na sasa umemaliza jinsia zote tatu kabla ya kunawa. Kwa taarifa yako, bangi nayo ni Cannabis sativa. Kivumishi hakiulizi polisi.

Mpunga wa Afrika ni "wenye upara kabisa"

Mpunga wa Asia si mpunga pekee duniani. Afrika ina wake, ulioanza kulimwa yapata miaka 3,000 iliyopita kwenye delta nyingine, ile ya ndani ya mto Niger. Unaitwa Oryza glaberrima: glaber ni laini isiyo na nywele, na ule mkia -errima huipandisha sifa hadi kileleni. Sisi kupandisha hivyo tunahitaji neno la ziada, "kabisa" au "kuliko yote". Mrumi alivitia vyote ndani ya neno moja, akaenda zake.

Kuna vivumishi vikaidi, kwao na kwetu

Mtu safi, kitu safi, maji safi: "safi" haishikiki na ngeli yoyote, na wenzake ni bora, hodari na tele. Kilatini nacho kina wakaidi wake, kama nequam, "asiyefaa kitu", ambacho hakibadiliki kwa mwanamume, mwanamke wala wingi. Mtu mbaya kwa Kilatini anaweza kuwa na kivumishi kisichopinda, pengine kinamfaa.

Mlembe si wa Hindi hata kidogo

Ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye nyuki, mlembe, anaitwa Indicator indicator. Herufi za mwanzo ni zile zile za indicus, lakini undugu hakuna. Hili limetoka kwenye indicare, kuonyesha, lenye ukoo mmoja na index, kidole cha shahada. Warumi walikuwa na maneno mawili yaliyofanana uso bila kujuana, kama ilivyo kwetu paa wa porini na paa la nyumba.

Mwarobaini ni mti huru

Jina Azadirachta indica lilitolewa na Mfaransa Adrien de Jussieu mwaka 1830. Azadirachta ni Kiajemi, azad dirakht, "mti huru", na indica hapa ni sahihi, maana asili yake ni Bara Hindi na Myanmar. Mswahili hakujali ulikotoka. Alihesabu kazi zake, akauita kwa idadi ya maradhi arobaini yanayosemwa kuwa unayatibu. Kilatini kimeandika anwani na Kiswahili kimeandika wasifu wa kazi.

Zamu yetu: zanzibaricus

Vivumishi vya mahali havikuishia Hindi na Naili. Tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni Loxodonta africana. Komba mdogo wa misitu ya pwani, anayelia usiku na kuwaamsha wageni, alipewa sifa ya zanzibaricus na Mjerumani Paul Matschie mwaka 1893. Tangu hapo amehamishwa ukoo mara mbili, kutoka Galago kwenda Galagoides, na mwaka 2017 kwenda Paragalago. Mkia wake haukuguswa, kwa sababu majina yote matatu ni ya kiume. Sasa una silaha. Ukikutana na mwanafunzi wa biolojia anayejigamba, mwulize kwa nini mkwaju ni indica wakati Tamarindus inaishia na -us. Akinyamaza, mwambie ni kwa sababu ile ile inayomzuia yeye kusema "kiboko kikubwa kimezama".